Neno la Nyuma ya Mlango

Saa nane na dakika arobaini mchana, ikiwa imebaki saa moja na dakika ishirini mwanamume aliyempenda auhame mji, Kalamu alikuwa amekaa naye gizani wakibishana juu ya mzimu.

"Wameiharibu," Kalamu alisema, macho kwenye skrini ya filamu. "Ile ya zamani huambiwi kitu. Mlango umefungwa, unagongwa mara tatu, basi. Unarudi kwako unalala na taa. Hii wanakuonyesha mpaka fundi aliyetia kitasa."

"Fundi mwenyewe ana sura nzuri lakini," Masikio alisema.

"Nakwambia la maana, unaniletea utani."

"Nikiacha utani leo nitalia, Kalamu. Chagua."

Hakuchagua. Alibonyeza kitufe, picha ikarudi nyuma sekunde mbili, wakaendelea na kazi.

Studio yao ilikuwa chumba kimoja kirefu ghorofa ya tatu, juu ya duka la magodoro, na madirisha yake yalikuwa yamezibwa kwa mapazia mazito meusi. Kazi yao ilikuwa filamu za ng'ambo. Kalamu aliandika maneno ya Kiswahili yanayopita chini ya picha. Masikio alishughulikia sauti, ndani ya kibanda kidogo chenye kioo. Wakiwa kazini, mmoja huku na mwingine kule, kioo hakipitishi neno hata ukipiga kelele, kwa hiyo walizoea ishara. Kidole kwenye sikio maana yake nimekusikia. Kalamu aliitwa Kalamu kwa kuwa alikataa kuandika kwenye mashine kabla ya kuandika kwa penseli. Masikio aliitwa Masikio kwa kuwa angeweza kukwambia nani anapanda ngazi, na kama amekasirika, mtu huyo akiwa bado ghorofa ya kwanza.

Mstari mmoja wa maandishi hauruhusiwi kuzidi herufi thelathini na nane. Mtazamaji naye lazima amalize kusoma kabla mdomo wa mwigizaji haujafungwa. Kwa hiyo kazi ya Kalamu, ukiitazama vizuri, ilikuwa kupunguza. Mtu akilia kwa maneno ishirini, yeye humwandikia saba. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka tisa, na ugonjwa wake ulikuwa umemwingia mwenyewe: hata nyumbani alizungumza kama anayehesabu herufi.

Filamu iliyokuwa mbele yao iliitwa *Kabla ya Mlango*. Ilitengenezwa kueleza mambo yaliyotangulia ile maarufu, *Mlango wa Juu*, ambayo hakuna mtu wa rika lolote ambaye hakuiona au hakusimuliwa. Katika hiyo ya zamani, muuguzi kijana anaajiriwa kumtunza mzee katika nyumba kubwa. Juu kuna mlango usiofunguliwa. Kila siku unagongwa kwa ndani. Mwishoni muuguzi anajikaza, anapanda, anaweka sikio kwenye mbao, na sauti ya kike inamwambia neno moja. Anakimbia. Unaona miguu yake tu ikishuka ngazi, na filamu inaisha hapo. Mlango haufunguki.

Neno lile kwa Kiswahili lilikuwa "Nenda."

Watu walilijua kama wanavyojua majina yao. Kumbi za sinema zilipoirudia filamu, watazamaji walisubiri mpaka pale, kisha ukumbi mzima ukapiga kelele pamoja na mzimu: Nenda! Watoto walitishana kwa neno hilo kwenye ngazi. Na aliyeliandika, miaka thelathini na minne iliyopita, alikuwa baba yake Kalamu. Mtaani kwake hakuitwa kwa jina lake tena. Aliitwa Mzee Nenda, na aliitikia kwa furaha kubwa.

"Mimi naiona tofauti," Masikio alisema. Aliivuta kofia ya masikioni, ile ya kusikilizia sauti, ikakaa shingoni. "Hii haitishi, nakubali. Ile ya zamani inatisha kwa sababu humjui aliye ndani. Hapa unamjua. Msichana ameugua, ndugu zake wameogopa kuambukizwa, wamemfungia juu, halafu wanahama mmoja mmoja. Utamwogopaje mtu unayemhurumia?"

"Sasa filamu ya kutisha isiyotisha ni kitu gani?"

"Inasikitisha."

"Watu hawatoi nauli kwenda kusikitika. Huzuni wanayo nyumbani."

Masikio alicheka kidogo, kisha kicheko kikamfia. "Mtu anagonga mlango miaka yote hiyo," alisema polepole, "na hakuna hata mmoja aliyemuuliza anataka nini. Mimi ningependa kujua, Kalamu. Hata kama kujua kutaniharibia filamu."

Wote wawili walijua kwamba hapo hawazungumzii filamu.

Walikuwa wamependana mwaka mmoja na miezi minane. Mapenzi yao yalianzia kwenye kioo kile kile, mmoja akimwangalia mwenzake akidhani mwenzake anaangalia kazi. Masikio alikuwa mwanamume mpole, mrefu, mwenye mikono mikubwa iliyoshika nyaya kwa upole kama anayesuka nywele za mtoto. Mwezi uliopita alimpeleka Kalamu kwa mama yake, siku ya Jumapili. Chai ikamiminwa. Mama alikuwa mwanamke mfupi, mjane, aliyekaa wima kwenye kiti kana kwamba kiti hicho kingemponyoka, na hakuzunguka mbuyu.

"Mwanangu, kuuliza si ujinga," alisema. "Nasikia uliwahi kuolewa. Ndoa hiyo iliisha vipi?"

"Iliisha tu, mama."

"Ndoa haiishi tu. Sabuni ndiyo inayoisha tu."

Kalamu alitabasamu kwa adabu. Mama hakutabasamu.

"Nasikia ulitoka kwa mumeo hata nusu mwaka haujafika. Sina ubaya na wewe. Lakini huyu ni mtoto wangu wa pekee, nami nataka kujua mtu anayeingia kwangu ametokaje kwa wenzangu. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Mama hakujua alivyolenga. Kalamu alikiweka kikombe mezani, akasema ana kazi ya haraka studio, Jumapili ile ile, na akaondoka bila kumaliza chai. Tangu hapo mama alikuwa amefunga mlango wake. Masikio alimbembeleza Kalamu wiki tatu nzima. Kama hutaki kumwambia mama, niambie mimi. Naye kila mara alijibu yaliyopita si ndwele.

"Tugange yajayo, najua," Masikio alimwambia mara ya mwisho. "Lakini tutaganga nini na mimi sijui panapouma?"

Jana yake, kwenye ngazi, alimwambia kwamba mjomba wake amemtafutia kazi katika kituo cha redio, mji wa mbali, mwendo wa siku mbili kwa gari. Mama atakwenda naye. "Nikae au niende?" alimuuliza. "Sihitaji maelezo. Nipe neno moja tu."

Kalamu alikuwa na maneno kama mia mbili kifuani. Aliyapunguza, kama ilivyo desturi yake, mpaka likabaki moja.

"Nenda."

Na sasa masanduku ya Masikio yalikuwa tayari yamepangwa karibu na mlango, mawili makubwa na moja dogo. Gari la mjomba lingekuja saa kumi. Zilibaki dakika kumi na mbili za filamu, na walikuwa wamekubaliana kuzimaliza pamoja. Walijua wote kuwa kazi hiyo ingeweza kumalizwa na mmoja.

Kwenye skrini nyumba ilikuwa imebaki tupu. Kaka wa mwisho alishuka ngazi na begi lake. Msichana alijiburuta na mashuka yake mpaka mlangoni, akaanguka, akagonga mara tatu. Kisha ikaja sauti, na Kalamu akaisogelea skrini, kwa sababu haikuwa sauti ya mwigizaji huyu mpya. Ilikuwa ile ile ya zamani. Mwigizaji wa kwanza alikuwa amekwisha kufa. Watengenezaji walichukua sauti yake kutoka kwenye mkanda wa kale wakaipachika hapa, ili hadithi mbili zishikane.

Chini ya mlango, kwa herufi nyeupe, lilisomeka neno ambalo Kalamu alikuwa ameliandika tangu asubuhi bila hata kuangalia karatasi ya mazungumzo iliyokuja na filamu: NENDA. Hakuhitaji kuangalia. Pembeni ya skrini Bosi wao alikuwa amebandika kikaratasi: *Nenda libaki. Watu watalipigia kelele.*

"Rudisha," Masikio alisema.

"Kuna nini?"

"Rudisha tu."

Alirudisha. Masikio aliivaa kofia yake, akaingia kibandani, akafumba macho. Kwenye mashine yake sauti ilijichora kama safu ya vilima. Kalamu alimwona kupitia kioo akigusa kilima kimoja kwa ncha ya kidole, akikipunguza, akikirudia. Kisha alimwita kwa mkono.

"Sikiliza," alisema alipoingia, akimvisha kofia yeye mwenyewe. Vidole vyake vilimgusa shavuni na vikachelewa kuondoka. "Kabla ya neno kuna kinundu. Katika ile ya zamani muuguzi anauegemea mlango, unalia wakati huo huo, bawaba inakimeza. Hapa wamesafisha kidogo. Bawaba iliyobaki nimeiondoa yote. Umesikia?"

Kalamu alisikia. Lilikuwa neno fupi sana, pumzi tu, likitangulia neno aliloligeuza baba yake.

Alitoka kibandani akaitafuta karatasi ya mazungumzo kwenye rundo mezani. Ukurasa wa mwisho, mstari wa mwisho. Katika lugha ile ya ng'ambo hapakuwa na neno moja. Yalikuwa mawili, na la kwanza lilikuwa la kukanusha.

"Usiende," Kalamu alisema.

"Nini?"

"Hamfukuzi. Anamwomba asiende." Alikaa kwenye kiti, karatasi mkononi. "Miaka yote hiyo mzimu wa watu anasema usiende, na ukumbi mzima unampigia kelele nenda."

Masikio alikuja akachuchumaa mbele yake. "Ni kosa la sikio tu. Sikio lolote lingekosea pale."

Kalamu alichukua simu akampigia baba yake, akaiweka mezani, sauti juu.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba, binti yangu. Unalia?"

"Silii."

"Basi una mafua. Sema."

Alimweleza. Upande wa pili kilisikika kikohozi cha mzee, na redio kwa mbali.

"Enzi zetu hapakuwa na karatasi ya maneno," baba alisema mwishowe. "Mkanda ulikuja peke yake kama mtoto aliyepotea. Unasikiliza, unaandika. Pale nilirudisha mara nyingi. Nilisikia kitu mbele ya neno, nikasema ni bawaba."

"Kwa hiyo ulisikia?"

"Nilisikia. Lakini nieleze wewe, mzimu gani unamwomba mtu abaki? Mizimu yote niliyoijua mimi inafukuza watu. Basi nikaandika ninachokijua."

"Nikirekebisha watakucheka, baba. Kila mtu anakuita Mzee Nenda."

"Wataniita Mzee Usiende," alisema, akacheka mpaka kikohozi kikamrudia. "Si jina baya kwa mtu wa umri wangu. Rekebisha, mwanangu. Msichana wa watu amesubiri vya kutosha."

Simu ilipokatika, Kalamu aliinamisha uso kwenye viganja. Masikio hakumshika. Alikuwa amejifunza kungoja, ndiyo kazi yake. Na pengine ni kule kungoja kulikomfungua mdomo, au ni yule msichana aliyekuwa bado amesimamishwa kwenye skrini, mkono wake kwenye mbao.

"Mume wangu alikuwa fundi saa," alisema.

"Niambie."

"Tulikaa vizuri miezi minne. Mwezi wa tano ini likamharibikia. Akalazwa. Alikuwa mtu wa kujipenda, shati lake halikosi pasi, na ghafla akawa hawezi kushika hata kijiko. Nilikuwa namwosha mimi. Jumamosi moja nimemletea mashuka, akageukia ukutani, akaniambia nenda. Nenda kwa baba yako, usinione hivi. Nikamwambia sawa."

"Ukaenda."

"Nikaenda! Nilidhani ndivyo anavyotaka. Nikasema nampa heshima yake, siku mbili tatu ataniita. Nilikaa kwa baba siku kumi na moja, simu mkononi. Siku ya kumi na mbili shemeji yangu alikuja mlangoni, akasema amekufa usiku, na kwamba mpaka mwisho alikuwa anawauliza manesi kama kuna mtu anapanda ngazi."

Masikio alifumba macho.

"Wakwe wakasema nimemkimbia mgonjwa. Nikahamia huku. Mtu akiuliza, nasema ndoa iliisha tu. Ni afadhali nionekane mwanamke mkorofi aliyeshindwa na ndoa kuliko hicho nilichofanya." Machozi sasa yalikuwa yanamwagika bila kizuizi. "Mimi ni mtafsiri, Masikio. Kazi yangu ni kujua mtu amesema nini. Na mume wangu mwenyewe aliniambia usiende, mimi nikasikia nenda."

"Kalamu."

"Usinihurumie."

"Sikuhurumii. Nakupenda. Ni vitu viwili, nawe ndiwe bingwa wa kutenganisha maneno." Alimfuta shavu kwa kidole gumba. "Mwaka na miezi minane umebeba hili peke yako, nami nimekaa pale nyuma ya kioo najiita Masikio."

Alikuwa karibu sana. Kalamu aliona kovu dogo kwenye unyusi wake, lile alilolipata utotoni, na akatamani kuuweka mdomo pale na kukaa hapo mpaka saa kumi ipite, mpaka saa zote zipite. Alimwona Masikio akiinua kichwa ghafla, kama anavyofanya akisikia nyayo.

Alikuwa amechelewa kusikia, kwa mara ya kwanza katika maisha yake.

Mama yake alikuwa amesimama ndani ya mlango, mkoba kifuani, akipumua kwa nguvu baada ya ghorofa tatu. Sanduku moja kubwa lilikuwa limeuacha mlango wazi, hivyo bawaba hazikulia. Hakuna aliyejua amesimama pale kwa muda gani, mpaka aliposema.

"Nilidhani umemwacha mumeo," mama alisema, sauti yake ikiwa ndogo kuliko ya siku ile ya chai. "Kumbe ulimwacha anakufa."

"Mama!" Masikio alisimama.

"Niache niseme. Sisemi kwa hasira." Kweli hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomwumiza Kalamu zaidi. "Shikamoo yako nimeipokea hata kabla hujaitoa, binti. Nakuonea huruma. Siku ile nilidhani ni ugomvi, labda alikupiga, labda ulikuwa na mwingine. Hayo nimeyaona, hayo yanasameheka. Lakini mimi nilimuuguza baba yake huyu miaka mitatu. Alinitukana. Alinifukuza kila siku iendayo kwa Mungu. Sikutoka. Mgonjwa haambii mtu nenda akimaanisha nenda."

"Nimejua leo, mama," Kalamu alisema.

"Umejua leo. Na mwanangu akiugua?"

"Sitatoka."

"Unasema hivyo sasa, amesimama mzima mbele yako." Mama alitikisa kichwa. "Ulipokaa kimya nilikuwa na shaka. Sasa sina shaka, nina hofu. Afadhali shaka." Kisha kwa mwanawe: "Mjomba wako yuko chini, ameegesha vibaya. Twende."

Hivyo ndivyo ilivyo, msomaji. Tunaambiwa tufungue milango, ukweli utatuweka huru, na mara nyingine tunaufungua na nyumba inazidi kuwa baridi. Kalamu alikuwa amesema tangu mchana kwamba hadithi ya kabla huiharibu ile ya kwanza. Hakudhani angethibitishiwa upesi namna ile.

Masikio alimtazama mama yake, akamtazama Kalamu. "Mama, nipe dakika moja. Shuka, nakuja."

"Nashuka na hilo dogo," mama alisema. Alibeba sanduku dogo mwenyewe, akakataa kusaidiwa, na nyayo zake zikasikika zikishuka ngazi moja moja.

Walibaki wawili.

"Jana nilikuuliza nikae au niende," Masikio alisema. "Ukanijibu. Nimelala na jibu lako, nimeamka nalo. Sasa nimejua ulikolitoa, lakini sijui ulimaanisha nini. Mama yangu nitamweza, polepole, mwaka, miaka miwili. Wewe ndiye nisiyekuweza, Kalamu. Siwezi kukaa kwa ajili ya mtu aliyeniambia niende. Hata mimi nina shati langu la pasi."

Kalamu alifungua mdomo. Maneno yalikuwepo, mengi, yakisukumana kama watu kwenye mlango mmoja. Alianza kuyapanga. Alianza, Mungu amsamehe, kuyapunguza. Alifikiria mama aliyeko kwenye ngazi, akafikiria miaka mitatu ya uuguzi na siku zake yeye kumi na moja, akajiona hana haki ya kumzuia mtoto wa mtu. Masikio alisubiri zaidi ya mtu yeyote ambaye angesubiri. Kisha akainama, akabeba sanduku moja begani na la pili mkononi, akausukuma mlango kwa mguu.

Ulikuwa mlango mzito, wenye sponji na mpira pembeni ili kelele za ngazi zisiingie, na bawaba zake zilihitaji mafuta tangu mwaka juzi.

"Usiende," Kalamu alisema.

Bawaba zililia, ndefu, kali. Mlango ukajifunga ukabana, na chumba kikawa kimya.

Alibaki amekaa, akiutazama. Amesikia? Hakusikia? Kama amesikia na ameenda, basi limekwisha. Kama hakusikia, basi atakwenda mwendo wa siku mbili akiwa na lile la jana. Nyuma yake, kwenye skrini, msichana alikuwa bado ameweka mkono kwenye mbao, na chini yake herufi tano za baba yake.

Jumamosi ile hospitalini hakurudi hata kuchungulia. Alishuka ngazi kwa adabu, akamshukuru nesi, akaenda.

Aliinuka kwa nguvu iliyoangusha kiti.

Alishuka ghorofa tatu bila kuziona. Kiatu kimoja kilimtoka ghorofa ya pili akakiacha. Nje jua lilimpiga machoni, baada ya giza la kutwa nzima, akawa haoni kitu, anasikia tu: injini ikinguruma, mlango wa gari ukifungwa, mwenye duka la magodoro akimwambia mjomba arudi nyuma kidogo, kidogo, hapo hapo, haya twende. Alipopata macho gari lilikuwa limekwisha kuingia barabarani. Masikio alikuwa kiti cha nyuma, masanduku yamembana, kioo kimefungwa.

"Usiende!"

Watu waligeuka. Muuza magodoro aligeuka. Kalamu, ambaye kwa miaka tisa hakuwahi kuzidisha herufi thelathini na nane, alikimbia kando ya gari na mguu mmoja mtupu akipiga kelele mtaani kama mwendawazimu. "Usiende! Jana nilidanganya! Nilisema nenda kwa sababu nakuogopa, naogopa siku utakapougua, naogopa nitasikia vibaya tena! Usiende, Masikio! Nimesema usiende!"

Mama aligeuza uso kutoka kiti cha mbele. Alimtazama kwa muda, macho yake makavu, kisha akamwambia mjomba jambo ambalo Kalamu hakulisikia. Gari halikusimama. Pengine hilo ndilo alilomwambia.

Lakini nyuma ya kioo, Masikio alikuwa amegeuka kabisa, goti kwenye kiti kama mtoto. Aliinua mkono, ule mkubwa unaoshika nyaya kwa upole, akaweka kidole kwenye sikio.

Kalamu alisimama katikati ya barabara. Pale kwenye kona taa nyekundu za gari ziliwaka, zikakaa zikiwaka. Magari yote huwasha taa kwenye kona ile. Kisha halikuonekana tena.

Alirudi juu polepole, akakiokota kiatu chake njiani. Alikisimamisha kiti, akakibandua kikaratasi cha Bosi, akafuta lile neno na kuandika jingine, herufi saba, chini ya mlango uliofungwa. Alilisoma mara moja, kwa sauti, chumba kikiwa kitupu.

Mume wake alikufa bila kulisikia. Huyu ameondoka nalo.